Majibu ya tezi dume bado, na usiku hakulaliki

Swali:

"Daktari, nina umri wa miaka 58. Nilikwenda kupima damu kwa mambo mengine, wakaongeza na PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ikaja 7.1. Ikarudiwa baada ya wiki sita, ikawa 6.8. Sina shida ya kukojoa wala maumivu. Daktari amenipangia MRI, kile kipimo cha picha, akasema huenda baadaye nikakatwa kinyama cha kupimwa maabara. Tangu siku hiyo silali. Nasoma kwenye simu hadi saa nane usiku, na kila nikisoma naogopa zaidi. Mchana sitaki hata kulisikia neno lenyewe. Mke wangu hajui. Nilimwambia nakwenda hospitali kwa ajili ya mgongo, na ajabu ni kwamba sasa mgongo umeanza kuuma kweli. Mbele ya daktari nilisema 'sawa' tu, nikatoka. Niache kusoma, au nisome zaidi? Na kwa nini naogopa hivi wakati hakuna aliyeniambia nina saratani?"

Jibu:

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokukesha. Unaogopa hivi kwa sababu hakuna aliyekuambia kitu. Aliyekwisha kupewa jibu, hata liwe baya, ana jambo moja mbele yake. Wewe unayo yote kwa mpigo: unayo saratani na huna, umepona na umeshazikwa, yote kati ya saa tano na saa nane usiku. Wanaume niliokaa nao tangu kipimo cha kwanza cha damu hadi mwisho wa matibabu, ukiwauliza baadaye ni wakati gani ulikuwa mgumu, wengi hawataji upasuaji wala mionzi. Wanataja siku za kusubiri. Kwa hiyo hofu yako si dalili kwamba mwili unajua jambo ambalo madaktari hawajalijua. Nalisema wazi kwa kuwa wengi hulifikiria bila kulitamka: "mbona moyo unanituma vibaya?" Moyo haujui kusoma PSA.

Sasa hilo la kusoma. Sikuambii uache, wala sikuambii uongeze. Shida ni kwamba unasoma barua za watu wengine. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu saratani ya tezi dume imeandikiwa mtu ambaye tayari anayo: achague upasuaji au mionzi, sindano za homoni zitamfanya nini, ikifika kwenye mifupa itakuwaje. Wewe uko ngazi ya kwanza, ya PSA; MRI ndiyo ya pili, kinyama ni ya tatu. Mtu wa ngazi ya kwanza akisoma habari za ngazi ya kumi hapati maarifa, anapata picha, na picha za saa nane usiku hazina wa kuzijibu. Ninachowaomba watu ni waijue vizuri ngazi waliyosimama na ile inayofuata, basi. Ya tatu utaisoma ukiifikia, na huenda usiifikie.

Watu pia hawafanani. Mwanasaikolojia wa Marekani, Suzanne Miller, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba mbele ya tishio wako wanaotulia kwa kutafuta kila habari, na wako wanaotulia kwa kugeuza macho. Hakuna mwenye kasoro hapo. Mtafutaji ukimnyima habari anahangaika. Mkwepaji ukimmwagia habari unamzidishia. Wewe, kwa maelezo yako, ni wote wawili kwa zamu: usiku mtafutaji, mchana mkwepaji. Ndiyo maana nakushauri jambo linaloonekana dogo mno: hamishia usomaji mchana. Nusu saa, ukiwa umekaa mezani, na karatasi ya kuandika maswali. Usiku simu ilale chumba kingine.

Tuje kwenye ngazi uliyosimama, na nianze na jina lenyewe, kwa sababu hapa Kiswahili chetu kimetuponza. Tunasema "fulani ana tezi dume" kana kwamba tezi dume ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo tangu kuzaliwa. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Inaweza kupatwa na mambo matatu makubwa: kukua kwa sababu ya umri bila saratani yoyote, kuvimba kwa maambukizi au sababu nyingine, na saratani. Yote matatu tumeyapa jina moja. Matokeo yake, mzee aliyewekewa mpira wa mkojo kwa tezi iliyokua na yule aliyefariki kwa saratani husimuliwa kama walikuwa na ugonjwa mmoja, na anayesikiliza habebi tofauti, anabeba hofu tu.

Saratani ikiwa changa kwa kawaida haionyeshi dalili. Kukojoa kwa shida mara nyingi ni ule ukuaji wa umri. Hivyo kukojoa vizuri hakukuhakikishii chochote, na siku ukianza kuamka mara nne usiku usijihukumu: hofu na kukosa usingizi vyenyewe humpeleka mtu chooni.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi chake kidogo huingia kwenye damu. Watu hukiita kipimo cha saratani, lakini kinachopimwa ni hali ya tezi. Kinasema kuna kitu kinaisumbua. Hakisemi ni kitu gani. Tezi iliyokua hupandisha PSA, maambukizi ya mkojo huipandisha, hata kumwaga shahawa au kuendesha baiskeli kwa muda mrefu siku moja mbili kabla ya kutoa damu huweza kuisogeza. Dawa ya finasteride, inayotolewa kwa tezi iliyokua, huishusha kwa karibu nusu, kwa hiyo kama unaitumia daktari lazima ajue. Marekani ilikiidhinisha kipimo hiki mwaka 1986 kwa kuwafuatilia watu waliokwisha kuwa na saratani. Kukitumia kuitafuta kuliidhinishwa mwaka 1994. Kingebaki na kazi ile ya kwanza ungekuwa unalala usingizi wako, ingawa wapo wanaume walio hai leo kwa sababu hakikubaki.

Unataka kujua 6.8 maana yake nini. Kwa wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10, wakichukuliwa kinyama, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani. Watatu hawana. Nakupa na upande wa pili, maana nusu ya ukweli huwa inarudi kumdai mtu: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wanaume wenye PSA isiyozidi 4 nao walichukuliwa vinyama, na takriban 15 katika kila 100 walikutwa nayo, nyingi zikiwa za aina pole. Hakuna mstari ambao ng'ambo hii ni salama na ng'ambo ile ni kaburi. Kama baba yako au ndugu yako wa kiume aliugua saratani hii, hatari yako hukaribia mara mbili ya mwingine, na wanaume wenye asili ya Afrika nao wana hatari kubwa zaidi. Mambo hayo daktari anayahitaji kuliko anavyohitaji ujasiri wako.

Kuna jambo ulilipita haraka: "wakaongeza na PSA." Hukuulizwa. Nashuku chini ya hofu yako pana hasira, na kama ipo, ina haki yake. Kipimo hiki si kama kupima sukari. Jopo la wataalamu linalotoa miongozo ya vipimo Marekani lilisema mwaka 2018 kwamba mwanamume wa miaka 55 hadi 69 aamue mwenyewe baada ya kuelezwa faida na madhara. Faida ipo: utafiti mkubwa wa Ulaya, ulipofikisha miaka 16 ya ufuatiliaji, ulionyesha kwamba kifo 1 kiliepushwa kwa kila wanaume 570 walioalikwa kupimwa. Lakini kwa kila kifo kilichoepushwa wanaume 18 zaidi waligunduliwa na saratani, na baadhi yao wangeishi maisha yao yote bila kuijua. Mazungumzo hayo ulipaswa kufanyiwa kabla ya sindano kuingia mkononi. Hayakufanyika, na namba ukishaijua huwezi kuisahau. Usiimeze tu hasira hiyo. Wanaume wengi huigeuza ukali kwa watu wa nyumbani, ambao hata hawajui mzee ana nini siku hizi.

Neno lililonisumbua zaidi katika barua yako si saratani, ni "sawa". Nimelisikia mara nyingi mno. Mwanamume anaelezwa dakika kumi, anaitikia kwa kichwa, anasema sawa, na akifika mlangoni hakumbuki hata nusu. Si ujinga. Kichwa kikisikia neno la kutisha huganda hapo, na yanayofuata huanguka chini. Tumekuzwa pia kuamini kwamba kuuliza ni kuonyesha udhaifu, au ni kumpotezea mkubwa muda. Mimi upande wangu wa meza husikia "sawa" nikadhani umeelewa, nikamwita anayefuata. Kosa ni letu sote wawili.

Rudi, au piga simu, na uulize. Usiende na maswali ishirini. Nenda na machache yatakayokusaidia kulala. MRI inatafuta nini, na jibu lipi litanipeleka kwenye kinyama na lipi halitanipeleka? Majibu yatatoka tarehe gani, nitayasikia kwa nani, ana kwa ana au kwa simu? Likitokea tatizo usiku baada ya kipimo, nimtafute nani? Hilo la tarehe usiliache. Kusubiri kwenye tarehe na kusubiri kusiko na tarehe ni mambo mawili tofauti kabisa, na nimeona mtu akianza kulala kwa sababu tu aliandikiwa siku kwenye karatasi. Nenda na mtu, au omba ruhusa urekodi kwa simu.

Kama hujapimwa kwa kidole, huenda ukapimwa. Ni glovu, jeli na muda usiofika dakika moja. Utahisi kusukumwa, na pengine hamu ya kwenda haja. Kinachowaumiza wanaume hapo ni maana wanayokipa kipimo, maana kidole chenyewe huingia na kutoka kabla hujamaliza kukunja uso. Kwa daktari ni sawa na kukupapasa tumbo. Isitoshe kina mipaka: kinafikia upande wa nyuma tu wa tezi.

MRI nayo ni rahisi kwa mwili na ngumu kwa masikio. Utalala chali ndani ya mashine iliyo kama bomba pana, utatakiwa kutulia, nayo itagonga na kuvuma kwa sauti kubwa muda wa nusu saa au zaidi. Huenda ukachomwa dawa mkononi, ukahisi ubaridi ukipanda na mshipa. Ukiwa mtu wa kuogopa sehemu zilizobana, waambie mapema. Makelele hayo si ishara kwamba wameona kitu. Mashine humgongea kila mtu. Majibu hutolewa kwa alama 1 hadi 5: ya chini ina maana uwezekano wa saratani ya kuhangaisha ni mdogo, 5 ni mkubwa, na 3 ndiyo ile ya "hatuna hakika", ambayo nakuonya mapema kwa kuwa huwaudhi watu kuliko zote. Utafiti wa Uingereza wa wanaume 576, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kuanza na MRI kungeweza kumwepushia kinyama takriban mmoja kati ya wanne. Huenda ukawa yeye. Ndiyo sababu nilisema usisome ya ngazi ya tatu.

Lakini najua umeshaisoma, kwa hiyo tukizungumze kinyama, maana hapa ndipo hofu ina mizizi.

Kwanza lugha tena. Tunasema "kukatwa kinyama", na mtu anaona kisu. Hakuna kisu. Ni sindano nyembamba inayochomoa vipande vyembamba kama uzi, mara nyingi 10 hadi 12, pengine zaidi au pungufu kufuatana na MRI ilivyoonyesha. Kifaa cha ultrasaundi huingizwa kwenye njia ya haja kubwa ili daktari aione tezi, na sindano hupita ama hapo hapo au kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Ganzi huwekwa, uchungu wa ganzi yenyewe, kama wa kuungua, wengi huusema kuwa ndio mbaya kuliko yaliyofuata.

Kisha kuna mlio. Sindano hiyo huendeshwa na springi, na kila ikichukua kipande hulia "tak!" kama stepla. Mtu asiyeambiwa hushtuka kila mara, hujikaza, na akijikaza huumia zaidi. Aliyeambiwa huhesabu. Watafiti wa uuguzi walionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba mgonjwa akielezwa atakachohisi, kusikia na kuona, hupata taabu ndogo kuliko akielezwa tu hatua ambazo daktari atafuata. Vipeperushi vingi bado vinaeleza hatua za daktari. Wewe muulize aliyefanyiwa: kulikuwaje?

Baada ya hapo utaona damu. Kwenye mkojo, siku chache. Kwenye choo, kidogo. Kwenye shahawa, wiki kadhaa, kwanza nyekundu kisha rangi ya kutu. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2012, wanaume 1,147 walifuatiliwa kwa siku 35 baada ya kuchukuliwa kinyama kwa njia ya haja kubwa, na zaidi ya 9 kati ya 10 waliona damu kwenye shahawa. Yaani karibu wote. Ila mwanamume asiyejua akiiona hujificha na kuamini kwamba ameharibiwa. Nguvu za kiume nazo huweza kulegea kwa muda baada ya kinyama, halafu kwa kawaida hurudi.

Nimelitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu nadhani ndilo ulilokuwa ukilitafuta kwenye simu saa nane ile. Karibu kila mwanamume hulitafuta, na karibu hakuna anayeliuliza kwa mdomo. Kupima damu na MRI havigusi nguvu za kiume. Kukosa nguvu kwa kudumu na kuvuja mkojo ni madhara ya baadhi ya matibabu, na matibabu yako mbali na ulipo. Nimewahi kujiuliza ni wanaume wangapi wanaokimbia vipimo kwa kuogopa madhara ya tiba ambayo huenda wasingeihitaji.

Na lile la "saratani ikiguswa na chuma inasambaa"? Nalisikia kila wiki, mara nyingi likitoka kwa watu wanaokupenda. Chanzo chake kinaeleweka: watu walimwona mgonjwa akipimwa, kisha akazidiwa, wakaunganisha. Lakini wengi wa hao walifika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatambaa. Saratani ya tezi dume kuenea kwa njia ya sindano ya kipimo ni jambo la nadra mno, na si sababu ya kukikataa.

Kitu cha kuogopa kweli baada ya kinyama ni homa. Ukitetemeka, ukipata joto, ukishindwa kukojoa, au damu ikitoka kwa mabonge, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huo huo. Maambukizi haya hutibika yakiwahiwa, na huua yakicheleweshwa. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, waambie kabla ya siku ya kipimo.

Halafu kutakuwa na kusubiri kwingine, kwa majibu ya maabara. Siku hizo watu huchambua kila kitu: sauti ya muuguzi kwenye simu, kwa nini wameniita mapema, kwa nini wamechelewa. Haraka ya simu mara nyingi huonyesha ratiba ya ofisi tu.

Kuna jambo moja la ngazi ya mbele ambalo lazima nikupe sasa, maana likikukuta ghafla litakuangusha. Majibu yakiwa na saratani, yatakuja na alama ya Gleason, kwa jina la daktari Donald Gleason aliyebuni mfumo huo mwaka 1966. Kipimo kinaishia 10, na mtu akisikia "6" huona ameshavuka nusu ya njia ya kufa. Sivyo. Alama za chini ya 6 siku hizi karibu hazitolewi, kwa hiyo 6 ndiyo ya chini kabisa, aina pole kuliko zote, na wengi wenye nayo hufuatiliwa tu kwa vipimo bila kutibiwa. Mwaka 2014 wataalamu walikubaliana kuongeza makundi ya 1 hadi 5 kwa sababu hiyo hiyo. Ukisomewa Gleason, uliza: ni kundi la ngapi?

Jambo la pili ni muda. Utafiti mwingine wa Uingereza uliwagawa kwa kura wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi: upasuaji, mionzi, au kufuatiliwa tu. Baada ya takriban miaka 15, wanaume kama 97 katika kila 100 walikuwa hawajauawa na saratani hiyo, katika makundi yote matatu. Haina maana kila saratani ya tezi dume ni pole. Zipo kali, na ndizo vipimo vinazozitafuta. Lakini wiki chache za kufikiri, kuuliza daktari wa pili, na kuongea na mwenzako hazitakugharimu maisha yako.

Pamoja na hayo, usiende kupokea majibu peke yako. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2009 uliona kwamba wiki ya kwanza baada ya mwanamume kuambiwa ana saratani hii, hatari ya moyo kushtuka na hatari ya kujiua zote mbili hupanda. Ugonjwa wenyewe hauui kwa wiki moja. Ni uzito wa habari. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, leo au siku hiyo, usisubiri miadi: mwambie mtu aliye karibu na nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na wakikuambia huna? Utadhani utaruka kwa furaha. Baadhi huruka. Lakini watafiti wa Marekani waliwauliza wanaume wiki 6 baada ya kinyama kuonyesha hakuna saratani, na karibu nusu walikuwa bado wanaifikiria mara kwa mara, ilhali kwa wanaume wenye PSA ya kawaida hawakufika mmoja kati ya watano. Inaeleweka: PSA bado iko juu na hakuna aliyeeleza kwa nini, tena sindano huweza kukosa. Kwa hiyo hata jibu likiwa zuri, usiondoke na "sawa". Uliza: basi kinachopandisha PSA ni nini, nirudi lini, na namba ipi itakufanya uniite tena?

Nibaki na mgongo wako. Kwenye simu umesoma kwamba saratani hii hupenda mifupa, ndiyo sababu umeanza kuusikiliza. Mgongo wa mtu wa miaka 58 asiyelala, anayejipinda kitandani na simu hadi saa nane, una sababu zake nyingi za kuuma, na kwa PSA ya 6.8 kuenea kwenye mifupa si jambo la kutarajiwa. Mtajie daktari hata hivyo. Ukipata udhaifu wa miguu, ganzi sehemu za siri, au ukashindwa kuzuia haja, hiyo ni dharura, iwe una saratani au huna.

Kuhusu kunyamaza, hauko peke yako, hata kwa wakubwa. Lloyd Austin, akiwa waziri wa ulinzi wa Marekani, alipasuliwa kwa saratani ya tezi dume Desemba 2023, na ilifika Januari, akiwa amerudishwa hospitali na maambukizi, ndipo ikajulikana kwamba hata rais wake hakuwa ameambiwa. Akaja kuomba radhi hadharani. Kwa upande mwingine Askofu Desmond Tutu aligunduliwa mwaka 1997, akalisema mbele ya watu, na akaishi hadi Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Kusema hakukumponya, hilo siliuzi. Nakuonyesha tu kwamba mtu mzima wa heshima zake aliweza kulitamka.

Mke wako nakuomba umwambie, na sababu yangu si ya mapenzi, ni ya kitabibu. Ukichukuliwa kinyama na homa ikakupata saa tisa usiku, mtu mwenye homa kali hajielewi. Atakayeamua mwende hospitali ni yeye, naye kwa sasa anajua kwamba unaumwa mgongo. Atakukanda, atakupa dawa ya maumivu, na mtapoteza masaa. Ataiona pia damu. Na kwa kawaida wao ndio hukumbuka alichosema daktari, wewe ukiwa umeganda kwenye lile neno la kwanza.

Huna haja ya hotuba. Kaa naye mchana, si usiku, na anzia pale pale ulipodanganya: "Siku ile sikwenda kwa ajili ya mgongo."